Siku Sarakasi Ilipomshinda Jirani Yetu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu sarakasi ya farasi, nikamwambia azime. Alidhani kichwa kinaniuma. Wewe nitakueleza ukweli.

Kwetu Shinyanga, miaka ile ya hamsini, pamba ikishauzwa ilikuwa ngoma tu. Vikundi viwili vilicheza vikitazamana, na kilichovuta watu wengi ndicho kilichoshinda. Aliyeshindwa tulimzomea kwa nyimbo hadi kwake. Jirani yetu, mcheza nyoka, hakuwahi kuzomewa. Alinuka ugoro na dawa za mizizi, na watoto wote tulikula michembe ya viazi vitamu na karanga nyumbani kwake, chatu wake akiwa amelala kapuni.

Kisha sarakasi ikashuka kwa treni, ikasimamisha hema karibu na stesheni. Mwalimu alitueleza kwamba mchezo huo ulianzishwa Uingereza na askari mstaafu wa farasi. Farasi akikimbia kwa kuzunguka duara, mpandaji anaweza kusimama mgongoni asianguke. Wachekeshaji na watembea juu ya kamba waliongezwa ili watazamaji wasichoke. Nilimpelekea jirani habari hizo mbiombio. Aliuliza tu watachezea wapi.

Jumamosi alasiri alijipanga na ngoma zake mbele ya hema. Kwake lilikuwa shindano kama mengine. Mwanzoni tulijaa kwake, lakini tarumbeta ilipolia ndani, watu wakahama, hata wapiga ngoma wake. Nikabaki peke yangu. Akajivisha chatu shingoni, akatoa swila, nyoka wake wa sumu, akatia kichwa chake mdomoni, jambo alilolifanya kwenye mashindano makubwa tu. Alipokitoa, jasho lilikuwa likimtiririka.

"Ng'wanone, mwanangu, usiondoke," aliniambia. "Ukibaki wewe, sijashindwa."

Bawabu alikuwa ameanza kuingiza watoto bure. Nilikimbia, sikufichi.

Farasi alikuwa amekonda, ana vidonda tumboni, anazungushwa kwa mjeledi. Nilicheka kuliko wote. Tulipotoka, jirani alikuwa bado anacheza mbele ya uwanja mtupu. Tukamzomea hadi mlangoni kwake, na aliyeanzisha wimbo ni mimi.

Asubuhi alimkata chatu kichwa kwa panga, akaondoka kwenda machimboni Geita. Hatukumwona tena.

Uwanja ule leo umejaa maghala, na ngoma zile za mavuno sizisikii. Naona haya mpaka sasa. Sarakasi iliondoka Jumatatu. Wenyewe hawakujua hata kidogo kwamba walikuwa wameshindana na mtu.