Stendi ya Kumbeba Fundi

Jirani yangu, fundi wa baiskeli, hanunui kitu kwa kuambiwa. Anachechemea tangu stendi yake ya zamani ya kutundikia baiskeli ilipolegea ikamwangushia baiskeli ya umeme mguuni. Jana nilimsindikiza dukani. Muuzaji akasifia stendi nyepesi, inayokunjika. Fundi akafuta viganja kwenye aproni, kama afanyavyo kabla ya kila kazi, akaushika mkono wa stendi, akaning'inia. Stendi ikainama.

“Nyingine.”

“Dada, hiyo si bembea!”

“Baiskeli ninazotengeneza zina betri, kaka. Nzito kama mimi. Nyingine.”

Mimi nilijifanya simjui. Ile ya mwisho, ya chuma kitupu, yenye kitako kipana, haikutikisika. Alining'inia pale, kafumba macho, mguu mbovu ukielea, mpaka muuzaji akaacha kucheka.

Leo asubuhi mteja wa kwanza ameleta baiskeli yake. Kabla ya kuipandisha kwenye stendi mpya, fundi akafuta viganja, akaning'inia tena.

“Si uliijaribu jana?” nikamuuliza.

“Jana ilikuwa inatafuta mnunuzi,” akasema kutoka huko juu. “Leo ndiyo inaanza kazi.”