Kistari Kwenye Jalada

Kila baada ya muda mwalimu mwenzangu mmoja hunijia na muswada kwenye bahasha na swali lile lile: achape mwenyewe, au apeleke kwa mchapishaji? Hapa Mbeya nimepata sifa ya kulijua jambo hilo, kwa sababu nimechapa kitabu kimoja na maboksi yake yamejaa sebuleni kwangu mtaani Soweto mpaka wageni wanayakalia. Huwa namjibu kwa hesabu. Mchapishaji anagharamia kila kitu, na wewe unapata shilingi kumi katika kila mia. Ukichapa mwenyewe unagharamia kila kitu, na mia yote ni yako, ukiipata. Hapo watu hucheka, wanashukuru, wanaondoka. Sehemu ya mama siwaambii. Wanakuja na furaha zao, na mimi sina sababu ya kuwaharibia siku.

Mama nilimchukua kijijini Iringa baada ya kuugua. Daktari alisema moyo umetanuka, akampa vidonge, kisha akaniita pembeni kuniambia nisimwache akae mbali nami. Basi akaja kwangu, na kwa kuwa hakuwa na shamba la kwenda, akawa anashinda jikoni akichambua maharage na kusimulia. Alisimulia njaa, ndoa yake, safari za miguu za kwenda kuuza ulezi, watoto wawili aliowazika kabla mimi sijazaliwa. Alisimulia kwa Kihehe, Kiswahili kikiingia pale palipohusu serikali na hospitali. Nami nikaandika. Mwanzoni alinicheka kwamba nimekosa kazi. Baadaye ikawa yeye ndiye anayeniita: "Njoo uandike, mwanangu, nimekumbuka ingine."

Akakipenda kile kitabu kuliko mimi. Watu wa usharika wote walijua kwamba anaandikwa. Kila jioni aliuliza kimefika wapi, na ombi lake lilikuwa moja tu: kikitoka nimsomee chote, toka mwanzo mpaka mwisho, maana macho yake yalishachoka na maandishi. Nikamwahidi. Katika shughuli yote ile mimi nilikuwa nataka hicho tu, mama akae pale jikoni asikie maisha yake yakisomwa kutoka kwenye kitabu cha kweli, akiwa hai.

Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam akaukubali muswada. Mhariri wake alinipigia simu, mtu mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Akasema kitabu ni kizuri na watakigharamia wao, ila kuna foleni: kuhariri, kusoma upya, kumpa mchoraji wa jalada, kusoma upya tena. "Miaka miwili hivi, mwalimu." Nikamwambia mama yangu ni mgonjwa. Akanipa pole, pole ya kweli kabisa, na miaka ikabaki miwili.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sisikii la mtu. Mhariri, msomaji wa pili, mchoraji, wote niliwaona ni watu waliopanga mstari kula muda wa mama yangu. Wengine wakikaa kulipima jambo hili hupima fedha. Mimi nilipiga hesabu ya mama. Nilimtazama anavyohema akitoka bafuni, nikaona miaka miwili hafiki. Hata mmoja niliuona kwa shida.

Alipojua kwamba sina fedha za kuchapa mwenyewe, mama akasema tukate miti yake ya paina kule kijijini. Ilikuwa bado midogo. Kwa mbao haikufaa, ikauzwa kuwa mirunda, zile nguzo nyembamba za kushikilia zege. Sikumwambia kwa nini nina haraka, wala hakuuliza.

Mpigachapa niliyempata alikuwa Iringa mjini, kijana mkweli, bei yake nafuu. Kazi zake zilikuwa kadi za harusi, kalenda za shule na vile vijitabu vya mazishi vyenye ratiba na wasifu wa marehemu. Vya mazishi ndivyo vilivyomlisha, kwani harusi zina miezi yake lakini misiba haina. Aliniomba picha ya mama, jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa, nikamtumia. Jalada alinirudishia kwenye simu wakati niko darasani nasimamia mtihani. Nikaona uso wa mama, amecheka kidogo, amejifunga kitambaa chake cha Jumapili, machozi yakanilenga. Nikamwandikia: "Safi sana, endelea." Niliuona uso tu, mengine sikuyaona.

Maboksi yakaja na basi. Niliyapokea stendi ya Nane Nane nikayaleta nyumbani bila kuyafungua, maana nilitaka yafunguliwe mbele ya mama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, ananisubiri. Nikakata selotepu kwa kisu, nikatoa kitabu cha juu, nikamwekea mikononi.

Picha ilikuwa ndani ya umbo la yai, maua meupe chini yake, utepe wa zambarau kwenye kona. Chini ya maua, jina lake kamili. Chini ya jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari nafasi tupu.

Mama alikuwa na vijitabu vya mazishi vingi tu amevihifadhi ndani ya Biblia yake, vya ndugu na marafiki. Hakuhitaji kusomewa. Akapitisha kidole kwenye utepe, akashuka nacho mpaka kwenye kistari, kikatulia pale.

"Hii si kitabu," akasema. "Hii ni ya msiba."

Nikaanza kueleza: mpigachapa amekosea, ni mazoea yake tu, tutabadilisha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe haraka yote ilikuwa hii." Akakirudisha kitabu ndani ya boksi, akaenda kuvua gauni.

Nilimpigia mpigachapa nikamporomoshea matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Akangoja nimalize. "Dada, mbona nilikutumia ukasema safi?" Kumbe wale watu wa foleni kazi yao ilikuwa hiyo hiyo ya kuchelewesha, ili mtu asiyempenda mama yangu alitazame jalada na kuuliza huyu bibi amefariki lini. Mtu huyo ndiye niliyemkwepa.

Kuuza kukawa aibu. Duka la vitabu lilivichukua kwa mali kauli, wakiuza ndipo wanilipe, nami niwaachie sehemu nono ya bei, na hawakuuza. Nilivipeleka kwenye usharika wetu wa zamani Iringa, watu wakanishika mkono kwa mikono miwili: "Pole mwalimu, alikuwa mama mwema." Mwanamke mmoja alinikabidhi noti ya rambirambi, kitabu akakiacha mezani. Nakala moja ilisafiri mpaka Ruaha Mbuyuni kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayelima vitunguu kule. Akapiga simu analia, haeleweki anasema nini. Mama akainyakua simu mkononi mwangu, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene. Ni mimi. Bado sijafa, wananingoja."

Nikayachana majalada yote kwa wembe, nikavifunika vitabu kwa karatasi za kaki kama madaftari ya wanafunzi. Kisha nikachukua kimoja, nikaenda kukaa naye jikoni, nikafungua ukurasa wa kwanza. Sentensi sikuimaliza. "Utaisoma siku yake," akasema, "watu wakiwa wamekaa." Nikajaribu tena Krismasi, nikajaribu alipolazwa. Jibu lilikuwa lile lile.

Mhariri wa Dar es Salaam nilimpigia pia, nimejishusha kweli kweli, kuuliza kama wanaweza kukichukua wakitoe upya na jalada lao. Akasikitika kwa upole wake. Kitabu kilichokwisha kutoka hawakitoi, akasema. Sikumkasirikia safari hii, nilikuwa nimechoka.

Ile miaka miwili ya mhariri imeisha mwezi uliopita. Mama yupo. Daktari mwenyewe anashangaa, na vidonge amempunguzia. Anatembea mpaka sokoni na kurudi, na asubuhi ananikagua kama sketi yangu imepigwa pasi. Namshukuru Mungu, na katika shukrani hiyo hiyo napiga hesabu upya. Kitabu cha foleni kingemkuta. Kingemkuta ana nguvu kuliko siku ile ya maboksi, na kingekuwa na jalada lililochorwa na mtu anayejua kazi, na mimi ningekuwa nimekaa namsomea.

Juzi mama mdogo alikuja kumwona, ameleta gunia la vitunguu. Niliporudi kutoka shule niliwasikia jikoni wanacheka. Mama alikuwa anasimulia kwa Kihehe habari ya siku niliyozaliwa mimi: mvua imeshika toka alfajiri, mto umejaa, mkunga amekwama ng'ambo anapiga kelele asikilizwe. Habari hiyo sijawahi kuisikia. Kwenye kitabu haimo. Nikaweka mkoba chini taratibu, nikasimama nyuma ya mlango sivuti hata pumzi, lakini sakafu yangu ya mbao haina siri, ikalia. Akanyamaza.

"Enhe dada, ikawaje?" mama mdogo akauliza.

"Ikaishia hapo," mama akasema. "Mwalimu karudi. Mpe chai."

Nikaingia, nikawasalimia, nikanywa chai. Waliongea bei ya vitunguu mpaka giza likaingia. Namna mkunga alivyovuka sijui, na wa kumuuliza ni mama peke yake.