Siku Nilipolima Uwanja wa Magongo

Sasa hivi nacheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja mpira wa magongo mbele yangu nilikuwa natafuta pa kuangalia, darini, kwenye kucha zangu, popote, kwa sababu mimi Masanja, mbele ya watu wa mgodi mzima, na wageni kutoka Mwanza, na bwana mkubwa Mzungu na mkewe wakinywa chai chini ya mwavuli, nililima uwanja. Msidhani natia chumvi. Nililima.

Ilikuwa enzi za mkoloni, huku kwetu Geita, nami ni kijana ambaye hata wembe sijaununua. Nilikuwa kibarua katika karakana ya mgodi wa dhahabu, chini ya fundi mkuu Bwana Gurdip, Singasinga mrefu mwenye kilemba cheupe ambacho, Mungu shahidi, sikuwahi kukiona na tone la oili, na huyo ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya magongo. Jamani, mngemwona akicheza! Mpira ulikaa kwenye ncha ya gongo lake kana kwamba umegandishwa, anawapita watu huku kichwa kiko juu, anaangalia mbali, na mimi nimeduwaa mdomo wazi. Siku moja aliniona nikipeleka spana mbio hadi kwenye vinu vya kusagia mawe na kurudi kabla chai yake haijapoa, akanijaribu winga ya kushoto. Nikawa Mwafrika pekee katika timu ya mafundi wa Kihindi na makarani wa Kigoa, na kule kijijini nikaanza kutembea kwa maringo.

Mvua zilipoanza, uwanja ukageuka tope, mashimo ya mgodi yakajaa maji, na sisi vibarua tukaambiwa turudi makwetu mpaka yakauke. Bwana Gurdip akaniita.

"Masanja, mvua yote hii wewe hapana lala. Kimbia. Kula maziwa, samli, mayai, lozi. Kama rudi legelege, nafasi nampa mtoto wa karani."

Nafasi ile niliipenda kuliko kitu chochote duniani. Nikaenda nikamweleza mama maagizo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Huyo Singasinga anakunenepesha ili akuchinje?"

"Hapana mayu, ni kwa ajili ya mchezo."

"Lozi ndiyo nini? Samli ya kibuyu ni ya wageni. Kula karanga."

Basi nikala karanga. Nikala michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama vigae), nikateremshia na mtindi, nikala ugali wa mtama kwa choroko mpaka mama akaanza kuficha chungu. Kukimbia ndiko kulikonishinda, maana kila niliyempita barabarani aliniuliza ni nani amefariki. Binamu yangu Kulwa, mpiga ngoma wa kikundi cha vijana wa kulima, akanihurumia.

"Unataka mwili? Njoo ulime na sisi."

Mnaojua kilimo chetu Wasukuma mnajua. Mwenye shamba anawaita vijana, anawapikia, nao wanapanga mstari mmoja, majembe mikononi, ngoma nyuma. Kulwa akiipiga polepole, unalima polepole. Akiikaza, majembe yote yanarushwa hewani, yanazunguka, yanameta, yanadakwa, yanatua kwa pamoja, na ardhi inatetemeka chini ya nyayo zako. Siku ya kwanza nilidhani nitakufa. Baadaye, sijui niseme vipi, mikono ikawa hainiulizi tena. Ngoma ikilia, mwili unakwenda wenyewe, nami naufuata kwa mshangao, nikijiuliza huyu mwenye mabega haya ni nani. Na kanuni ya kikundi ilikuwa moja: ngoma ikilia na mwenzako analima, humwachi peke yake.

Mvua zikakatika. Bwana Gurdip alisawazisha uwanja kwa pipa lililojazwa zege, kwa majuma, mpaka ukawa laini kuliko sakafu ya nyumba yetu. Aliponishika mabega hakuamini.

"Ile lozi kweli imefanya kazi," akasema. (Sikumsahihisha.)

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilimwalika Kulwa na kikundi chote waje waone mechi ya kwanza, dhidi ya timu ya Mwanza, na nikamwambia aje na ngoma, anishangilie kidogo. Wakatokea shambani moja kwa moja, majembe mabegani, wakakaa pembeni kwa adabu zote.

Kipindi cha kwanza nilipaa. Wale mabeki wa Mwanza walibaki wananiangalia mgongo. Kipindi cha pili Bwana Gurdip akanisogezea mpira, kipa yuko chini, goli liko wazi, kazi yangu ni kuusukuma tu. Na Kulwa, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaikaza ngoma.

Wallahi sikuamua mimi. Gongo lilikwenda hewani (na katika mchezo ule kuliinua juu ya bega tu ni kosa), likazunguka, nikalidaka, nikalishusha kwa nguvu zote za msimu mzima. Mpira nikaukosa. Nikasogea hatua moja, nikashusha tena. Refa anapuliza filimbi, mimi nasikia ngoma. Nilipogeuka, kulia kwangu na kushoto kwangu kikundi kizima kimejipanga na majembe yao, kwa sababu mwenzao analima, na mstari ule ulikwenda kutoka goli hadi katikati ya uwanja, matuta yamenyooka, udongo mweusi umepinduka unanukia mvua, na hata mimi, katikati ya aibu ile, nikaona ni kazi nzuri ajabu. Mzungu na mkewe wakapiga makofi, wakidhani ni burudani ya mapumziko.

Bwana Gurdip alikuwa amesimama, amekishika kilemba kwa mikono miwili. Ngoma ikanyamaza. Akaja, akachomeka gongo lake kwenye tuta kupima kina, akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Nguvu ipo," akasema taratibu. "Sijaona nguvu kama hii. Lakini uwanja hapana tena."

Mtoto wa karani akachukua nafasi yangu. Mimi nikapewa lile pipa la zege, na msimu mzima nililisukuma huku wenzangu wakisafiri kwenda kucheza ugenini. Ngoma ikipita barabarani, nililiacha pipa na kuweka mikono mfukoni.

Tangu hapo niliapa kutoshika kitu chenye mpini mahali penye ngoma. Hata siku ya harusi yangu, mjomba aliponikabidhi fimbo na Kulwa akaanza kupiga, niliitazama ile fimbo, nikaitazama ardhi, nikamrudishia mjomba fimbo yake. Kule kwenye viti vya wageni, Bwana Gurdip alikuwa tayari ameshakishika kilemba chake kwa mikono miwili.