Sekunde Sita za Mama

Kazi yangu hapa Runyenjes ni karatasi za watu: kuchapa, kutoa nakala, kupiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote, mambo ya mazishi. Mtu akifariki, familia huja dukani na bahasha ya picha, nami huwatengenezea kijitabu cha wasifu pamoja na onyesho la picha la kuwekwa kwenye skrini chini ya tenti, watu wakingoja mwili uletwe kutoka mochari. Miaka ile ambapo kila kompyuta ilikuwa bado na mlango wa sidii, nilikuwa nalichoma onyesho kwenye diski na kila nyumba inaondoka na nakala yake. Nilikuwa stadi wa kazi hiyo. Nasema hivyo bila furaha yoyote.

Ustadi wangu mkubwa ulikuwa kufunga. Programu ya maonyesho hukuuliza ni nani atakayeliendesha: msemaji aliyesimama mbele ya watu, mtazamaji aliyeketi peke yake, au liende lenyewe. Ukichagua hilo la mwisho, kipanya kinakufa. Unabofya, hakuna kitu. Unajaribu mishale ya kibodi, hakuna kitu. Picha inakaa muda ulioipangia, inaondoka, inakuja nyingine, na ya mwisho ikiisha inarudi ya kwanza. Kitufe kimoja tu cha kona ya kibodi ndicho kinachosikia, nacho kazi yake ni kulizima onyesho zima. Ukitaka kumwonea mtazamaji huruma, unaweza kuweka vibonye vya mbele na nyuma kwenye kila picha, na hivyo vitafanya kazi. Mimi sikuwa naviweka.

Sababu nilikuwa nayo. Mazishi fulani upande wa Kanyakine, marehemu alikuwa na wake wawili, na kijana wa nyumba ya kwanza ndiye aliyeketi kwenye laptopu. Kila picha ya nyumba ya pili ilipojitokeza, alibonyeza mshale ikapita kabla hata hujaona ni nani. Mwanzoni watu walidhani ni mashine. Kisha mjane wa pili akasimama mbele ya mchungaji na umati wote akauliza kama watoto wake walizaliwa na upepo, na yaliyofuata siyaelezi. Tangu siku hiyo nilifunga kila diski iliyotoka mkononi mwangu. Kila picha sekunde sita, iwe ya nyumba yoyote, na hakuna wa kuruka wala kusimamisha. Wateja walinisifu kwa hilo. Nami nilijiona hakimu.

Halafu akafariki baba yangu, kwetu Githongo. Mama yangu alikuwa mke wake wa pili.

Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliniita kando nyuma ya ghala la mahindi akanikabidhi bahasha. "Wewe ndio fundi, hiyo najua," akasema. "Lakini pia wewe ni wa nyumba ya pili. Sitaki kusikia maneno. Kila picha ikuwe na taimu sawa, na mtu asiguse hiyo mashine."

"Sawa, baba mdogo," nikamjibu. Ndivyo nilivyokuwa nafanya siku zote, na nilifurahi kwamba hakuna ambaye angeninyooshea kidole.

Bahasha ilikuwa na picha sabini na kitu. Baba na mama mkubwa, mke wake wa kwanza, siku ya harusi kanisani. Baba na mama mkubwa kwenye mahafali ya mwana wao wa kwanza. Baba na ng'ombe aliyeshinda kwenye maonyesho ya kilimo, mama mkubwa ameshika kamba. Ya baba na mama yangu ilikuwa moja. Walipigwa kiwandani, pale tunapopeleka kahawa, wamesimama karibu na vitanda vya kuanikia, mama amefunga kitambaa cha maua kichwani. Niliiskani, nikafuta doa la kona, nikaenda kwa nyingine. Kazi ilikuwa nyingi na mazishi yalikuwa kesho yake. Sikuitazama.

Mama hakuwa anajua kwamba picha hiyo ipo. Aliiona kwa mara ya kwanza chini ya tenti, pamoja na kijiji kizima, kwa sekunde sita. Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikaona shingo yake ikikakamaa. Baada ya mazishi, baba mdogo alizirudisha picha zote kwenye albamu za mama mkubwa, na sisi tukabaki na diski.

Nilimwachia mama laptopu yangu ya zamani, nikamfundisha kuiwasha na kungoja. Safari yangu ya kwanza kurudi, nilimkuta ameivutia kiti karibu kabisa. Aliniuliza kwa Kimeru, kwa ile sauti ya kuomba chumvi kwa jirani, "Hii haiwezi kusimama kidogo?"

"Imefungwa, mama," nikamwambia. "Watu wakiachiwa wanavuruga."

"Watu gani?" akauliza.

Nyumba ilikuwa na yeye na paka. Nikacheka, nikasema nitaitengeneza nikipata nafasi. Akaniambia kwamba siku moja alikuwa amebonyeza kitufe cha kona akijaribu kuisimamisha, kila kitu kikapotea, akadhani ameharibu kitu cha marehemu. Tangu hapo hakugusa chochote. Alikuwa anaweka diski, anakunja mikono, na kungoja. Harusi ya kanisani ipite, ng'ombe apite, mahafali yapite, na baada ya mahafali inakuja yake. Ikishapita, anangoja mzunguko mwingine. Zaidi ya dakika saba za maisha ya mwenzake ili apate sekunde sita za yake.

Hapo ndipo nilipopaswa kuona upumbavu wa haki yangu. Sekunde sita kwa kila picha ni sawasawa kwa mwenye picha sitini, si kwa mwenye moja. Mimi, wa tumbo lake, nilikuwa nimempimia kwa mizani ya watu wanaogombana, na yeye hakuwa amegombana na mtu. Kuondoa muda na kuweka vibonye ni kazi ya asubuhi moja. Kumtolea nakala ya karatasi ni kazi ya dakika mbili, na mashine iko mbele yangu kutwa. Najua utaniuliza kwa nini sikufanya. Hata mimi nimejiuliza nikachoka. Nilikuwa nachapa wasifu wa wazazi wa watu wengine. Kila nikienda Githongo nilikuwa nimesahau, na yeye hakukumbusha tena.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Kisha mama mkubwa mwenyewe akanipigia simu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Mama yako anagonga milango," akasema. "Jana amemwaga chai yote nje ya kikombe. Kuja umpeleke hosi."

Nilimpeleka. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekaa muda mrefu, na kwamba kilichopotea hakirudi. Aliuliza mgonjwa alianza lini kuona vibaya. Mama akajibu kwamba alidhani ni ile picha inayopita mbio. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatoka nje nikalia karibu na watu waliopanga foleni ya dawa.

Wiki hiyo nilifunga duka. Nilitengeneza onyesho upya, nikaondoa sekunde zote, nikaweka vibonye viwili vikubwa chini ya kila picha, nikalichoma kwenye diski mpya na kulipeleka Githongo. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, na mama ameketi kwenye kiti chake. Mwangaza bado alikuwa anauona. Nyuso hapana.

"Sasa inasimama," nikamwambia. "Iko hapa. Itakaa mpaka uchoke."

Alisogea mbele, akanyoosha mkono akaigusa skrini pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Mimi na baba yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kuna kitu nilitaka kuona. Kila siku nilikuwa nakitafuta, na kila nikikaribia inaondoka." Akarekebisha leso yake kama mtu aliyeona aibu. "Siku hiyo sikumbuki vizuri. Mkono wake, ule wa upande wangu. Amenishika?"

Nilitazama. Kwa mara ya kwanza tangu picha ile ipite mikononi mwangu, niliitazama. Baba alikuwa amesimama wima, uso wake kwa mpiga picha. Mkono ulipita nyuma ya mgongo wa mama, na ulipotokea upande wa pili ulikuwa umeshika mti wa kitanda cha kahawa. Kati ya mkono huo na bega la mama palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo kahawa ilionekana, imeanikwa.

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini nilikawia, sijui kwa muda gani, hakuna kilichokuwa kinahesabu sasa, na mama alikuwa anasikiliza.

"Basi," akasema taratibu. "Peleka mbele."

Nikabonyeza.