Pembe kwenye Molekuli ya Dada

Nilichora pembe mbili kwenye molekuli ya dada yangu. Sikutumwa na mtu. Alikuwa amelala na malaria, daftari lake liko wazi mezani, na mimi sijawahi kuona daftari wazi nikaliacha lilivyo.

Dada anasoma kemia chuo kikuu, shahada ya pili. Anabuni vitu vya kaboni vinavyotoa mwanga, vya kuwekwa kwenye vioo vya simu. Aliwahi kunieleza tukimenya ndizi: molekuli ni moja, upande huu mtoaji, upande ule mpokeaji. Elektroni inavuka kwenda kwa mpokeaji, na ikirudi ndipo mwanga unatoka.

"Kama mama na wewe," nikamwambia. "Mama mtoaji, wewe mpokeaji. Mwanga ndio hatujauona."

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka.

Basi upande wa mpokeaji nikaongeza nitro mbili, yaani NO₂, moja huku, moja kule, kama pembe za ng'ombe wa Nyakahura. Niko kidato cha tatu, nitro ndiyo niliyokuwa naijua. Nilitegemea ataziona anirushie kandambili. Hakugundua. Mwandiko wangu ni kama wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika penseli.

Akarudi chuo, akatumia miezi kuitengeneza ile yenye pembe. Wiki hii amekuja nyumbani Kirushya na kichupa cha unga mwekundu. Aliumulika mbele yangu kwa taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Unga ukakaa tu bila kutoa mwanga, kama vumbi la barabarani.

"Nitro zimezima kila kitu," alisema. "Hata wa mwaka wa kwanza hakosei hivi. Sijui nilikuwa nawaza nini."

"Labda ile malaria," nikasema.

"Labda."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusikia chochote moyoni, hata hofu. Nikaenda kuchota maji.

Jumatatu anapeleka barua ya kuacha masomo. Ameshaiandika. Anasema kichwa chake hakifai tena kwa kemia.

Leo mchana nilikuwa napeta maharage na mama. Nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, bila utani hata mmoja. Mama hajui nitro ni nini, na hakuuliza. Aliendelea kupeta.

"Umeshamwambia mwenyewe?"

"Bado, mama."

"Basi hata mimi hujaniambia. Weka ungo chini, nenda."