Mizigo Sitini ya Mawe ya Uru

Sifa kwa Mungu aliyeniacha hai hadi nikaliona kosa langu, akanibakizia na miguu ya kulifuata.

Jumanne, sokoni Kiboriloni, nilimwona fundi Mchina akipokea mifuko ya saruji. Kwa kila mfuko aliandika mstari mmoja, na mistari mitano ikakamilisha alama moja, kama ngazi fupi. Sisi huchora minne, tukaikata kwa wa tano. Alama ile niliijua.

Miaka mingi iliyopita, tulipojenga kanisa letu, kila jumuiya ilibeba mawe kutoka mtoni. Jumuiya ya Mama Felista wa Uru iliandikiwa mizigo yake na sista mgeni, Mkorea. Sista alipokwisha kurudi kwao, mimi katekista nilihesabu karatasi yake: alama kumi na mbili, kila moja kama ile ya Mchina. Nikatangaza mbele ya waumini kwamba wanawake wale wameleta mizigo kumi na miwili tu, ilhali wenzao wamepita hamsini. Felista alisimama akasema ni sitini. Nikamkalisha. Tangu siku hiyo wanasali parokia nyingine.

Alhamisi asubuhi nilipanda Uru. Mvua ilikuwa imenyesha, na kijia cha katikati ya kahawa na migomba kilikuwa kinateleza. Nilipumzika mara tatu.

Saa nne nilimkuta Felista nyumbani kwake, akimkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, katekista. Leo umekuja kuhesabu na migomba?"

"Marahaba, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

Nikaokota kijiti, nikachora ile alama udongoni, mstari kwa mstari. Hakungoja nimalize.

"Tano mara kumi na mbili! Si tulikuambia?"

"Mliniambia."

"Mimi nimekusamehe, sikufichi. Lakini Mama Aneti tumemzika akiitwa mvivu. Huyo utamwombaje?"

Akaniletea kikombe cha maziwa mgando.

"Kunywa. Halafu Jumapili ukatangaze majina yetu yote. Lake lianze."

Mchana nilishuka polepole, nikiyakariri majina.

Jumapili nilitangaza. Aneti, binti wa marehemu, alikuwa amekuja, amekaa benchi la nyuma. Nilipomtaja mama yake, aliinuka akatoka nje, wala sikumlaumu.

Nimejifunza kwamba watu huhesabu kwa namna nyingi, na hilo si kosa la mtu. Kosa langu ni kwamba waliobeba mawe walikuwa mbele yangu, nami nikaiamini karatasi nisiyoweza kuisoma.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie kuuliza mapema, wakati wanaoweza kukujibu wangali hai.