Moto Nyuma ya Kichuguu

Mzungu wa Elisabethville aliyenunua boti ya kujifurahisha alikuwa na swali moja kabla hajaifikisha majini: mafuta yake yanauzwa wapi? Mjini kulikuwa na pampu za magari, lakini injini za boti zile zilitaka petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo chake, na hakuna aliyependa kusafiri na madumu yanayonuka ndani ya gari pamoja na mke na chakula cha Jumapili. Basi alielekezwa kwetu, kwenye ziwa la bwawa la Lufira, kwenye kibanda cha mabati kilichosimama peke yake ukingoni. Watu walipaita Ku Esanse, yaani mahali pa petroli, basi. Jina jingine hatukupewa.

Nasema kwetu kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa mapipa ya petroli ya kibanda kile, na muuzaji wake. Mimi nilikuwa mke wa mlinzi, kazi isiyo na mshahara wala Jumapili.

Nilizaliwa mjini, mtaa wa Kamalondo, kwa wazazi waliotoka Kasai, katika lupango, ua mmoja wa nyumba zilizobanana, ambamo huwezi kukohoa bila jirani kukuuliza kama umekunywa dawa. Mama alipika huku akigombana na mwanamke wa upande wa pili wa ua, na yule alipika huku akimjibu, na jioni walikula sombe ya majani ya mihogo kutoka sahani moja. Nilipoolewa nikaambiwa nahamia ziwani, wenzangu walinionea wivu. Nilifunga vikwembe vyangu vyote, vitenge vya kila siku na hata vile vya sherehe, nikapanda juu ya lori la mapipa, shingo juu, nikiwapungia mkono kama mtu anayekwenda Ulaya. Sijui nilidhani nitamvalia nani vikwembe vile.

Mwenye mapipa alikuwa mfanyabiashara mmoja mzungu mwenye duka mjini. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba moto usiwashwe karibu na kibanda. Si sigara, si taa, si kaa moja la kupashia maji. Sikumlaumu, maana petroli haina mzaha. Mume wangu alinionyesha mahali pa kupikia: nyuma ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, mbali kiasi kwamba nikimwita hanisikii. Sheria ya pili ilikuwa kwamba mlinzi asiyaache mapipa, mchana wala usiku. Ziweke pamoja sheria hizo mbili, utaielewa ndoa yangu. Moto ulikuwa upande huu, mume upande ule, na mimi nilikuwa wa kwenda na kurudi katikati.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mume wangu aje akae kwenye moto wangu, ale bukari, ugali wetu, ingali inatoa mvuke, tuzungumze mpaka makaa yafunikwe na majivu. Kwetu mtu akila peke yake huulizwa amekosana na nani. Mimi nilikula peke yangu kila siku, na sikuwa nimekosana na mtu.

Chakula chake nilimpelekea katika bakuli lililofungwa kitambaa. Nikifika, bukari imekwisha kushika ngozi juu. Alikula amesimama, macho yakiwa majini, vidole vikinuka petroli hata baada ya sabuni. Nisimsingizie: alikuwa mtu mwema, hakuninyanyulia mkono wala sauti, na nilimpenda. Lakini kazi yake aliipenda mno. Alitandaza ngozi laini ya swala ndani ya funeli, akamimina polepole, petroli safi ikapita na maji yakabaki juu ya ngozi. Wazungu walisimama na kofia zao wakimtazama, na wake zao walikuwa wamejilaza kwenye boti, wamejianika juani kama samaki wa kukaushwa. Honi ikilia kutoka majini, alikimbia kama ameitwa na mama yake mzazi.

"Bila miye, bale bote banapiga kasia," aliniambia siku moja, amefurahi.

"Na miye? Bila weye, miye ninapiga nini?"

Alicheka sana. Alidhani namtania.

Boti zilikuja Jumamosi na Jumapili, na mara chache katikati ya juma. Siku nyingine ziwa lilikuwa tupu. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kijiji cha wavuvi, na jioni niliona moshi wa mioto yao ukipanda kwa pamoja. Nilikuwa nawapungia kikwembe. Hakuna aliyenijibu. Mitumbwi yao ilipita mbali, maana kibanda kile kilikuwa cha wazungu na wao hawakutaka maneno na wazungu. Basi nilizungumza na kichuguu. Nilikipa habari zote za Kamalondo, nani kaolewa, nani kaachwa, nacho kilisikiliza vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Mtu asiye na mume akiwa peke yake ana haki ya kulia na watu humwonea huruma. Mimi mume wangu nilimwona kwa macho, kule chini kwenye mabati, akinipungia mkono. Ningemlilia nani?

Siku moja, mvua zilipokwisha, aliniahidi kwamba kesho yake atakuja. Ilikuwa katikati ya juma, ziwa kimya, na mapipa yangeweza kuachwa kwa mlo mmoja. Alisema ataoga, atavua shati la kazi, kwa sababu lilikuwa limelowa petroli na hakuthubutu kuusogelea moto akiwa nalo, kisha atakula nami. Nilichinja kuku tangu asubuhi. Nilitandika mkeka, nikavaa kikwembe kimoja cha sherehe, na moyo ulinidunda kama wa msichana anayechumbiwa.

Alikuja kweli. Alikuwa amevaa shati jeupe la siku ya ndoa yetu. Alikaa, nikamnawisha, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, na honi ikalia.

Alinitazama, tonge liko mkononi. Nilimtazama na mimi. Kisha akalirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, akasema, "Ninarudia sasa hivi."

Hakurudi. Injini ya boti ile ilikuwa inasumbua, na wenyewe wakamtaka apande, aende nao kidogo, awe karibu ikizima tena; kwa ajili yao mapipa yaliweza kuachwa. Nilibaki na lile tonge mpaka likakauka na alama za vidole vyake. Jua lilipoelekea kuzama nilichukua maji ya kunawia, nikayamwaga juu ya moto.

Kesho yake sikuwasha. Kesho kutwa sikuwasha. Nilitafuna karanga mbichi, nikampelekea yeye mihogo iliyolala. Alikula amesimama, akashukuru, akarudi kwenye mapipa. Hakuuliza kwa nini chakula ni baridi. Hilo liliniuma kuliko honi.

Asubuhi iliyofuata mtumbwi ukatoka ng'ambo, na safari hii haukupita mbali. Ulikuja moja kwa moja upande wangu. Walishuka wanawake, na mbele yao bibi mzee aliyebeba kigae cha chungu kilichojaa makaa ya moto. Walipanda hadi kwenye kichuguu wakilia kwa sauti ya chini. Niliwaendea.

"Pole, mama," yule bibi akasema. "Nani alikufa?"

Nilimwuliza kwa nini anauliza hivyo.

"Shiye tulionaka moshi yako kila siku. Tulikuwa tunasema, kule kuko bantu. Sasa moshi hakuna. Kwetu, moto inazimika mu nyumba ya kilio. Njo maana tunakuletea moto ya mupya."

Kumbe walikuwa wananiona. Siku zote zile nilizokuwa nazungumza na udongo, ng'ambo kulikuwa na watu wanaotazama moshi wangu na kusema niko. Nililia pale pale, nao wakachukua kilio changu kuwa ndilo jibu. Wakakaa chini kunizunguka. Bibi akamimina makaa kati ya mafiga yangu, akapuliza, moshi ukapanda.

Mume wangu aliuona moshi na watu wageni, akaja mbio katika shati lake la kazi.

"Hapana kuleta moto huku!" alipiga kelele, akasimama penye kichuguu, haogopi watu, anaogopa shati lake.

"Vua, baba, ukae," bibi akamwambia kwa upole. "Iko kilio."

"Kilio ya nani?"

Alinitazama, na nadhani ndipo alipoyaona majivu yaliyolowa, na ile sahani iliyokuwa bado juu ya mkeka. Nilisogea, nikamwachia nafasi. Alivua shati, akalitupa mbali kwenye nyasi, akaja akakaa. Bega lake liligusa langu. Moto ulikuwa mbele yetu, na moshi ulituumiza macho sote wawili, na nilifurahi, nisiwadanganye, nilifurahi kuliko siku ya ndoa.

Honi ikalia majini. Alitulia. Ikalia tena, nikausikia mwili wake ukikaza. Ilipolia mara ya tatu aliinuka, akaliokota shati lake kwenye nyasi, akaondoka akilivaa huku anatembea. Safari hii hakusema kwamba anarudi.

Yule bibi alimsindikiza kwa macho mpaka akatoweka nyuma ya kichuguu. Kisha akanigeukia, akanishika mikono yote miwili, namna anavyoshikwa mjane.

"Pole, mama," akasema. "Sasa tunajua nani alikufa."

Nililia nao mpaka moto ule mpya ukataka kuni. Na lori lilipokuja kuchukua mapipa matupu, nilipanda pamoja nayo.